Franco: Mpiga gitaa aliyewaachia nafasi wapuliza saksafoni

CARAMA, Bujumbura – Jumapili jioni katika mtaa wa Carama, kaskazini mwa jiji, shughuli za mchana huwa zimepungua. Mwenye mzigo wa kuvusha Gatumba Jumatatu asubuhi ameshaufunga, mishikaki iko juu ya mkaa, na kwenye spika ya baa unatoka muziki ambao wengi wa wanaousikiliza hawakuwa wamezaliwa ulipopigwa. Ni OK Jazz ya zamani. Wanaojua Kilingala huimba pamoja na waimbaji. Wasiokijua husubiri. Husubiri pale waimbaji wanaponyamaza, gitaa linaposhika njia, na saksafoni inapoingia. Hapo mwenye Kirundi, mwenye Kiswahili na mwenye Kilingala wanakuwa sawa, kwa sababu hakuna tena maneno ya kutafsiri.

Jina linalotajwa mezani ni moja tu: Franco. Anayetajwa hakupata kuwa mpuliza saksafoni. Alikuwa mpiga gitaa, na kwa miaka mingi aliongoza bendi ambayo sauti yake haikutimia bila watu waliovuka mipaka kuja kupuliza pembeni yake. Maisha yake yana faida kwa yeyote anayeishi kwa kuvuka mpaka, kwa sababu yanaonyesha kinachopatikana mpaka unapopitika na kinachopotea unapofungwa.

Mtoto wa muuza maandazi

François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, magharibi mwa iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Alikulia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baba yake, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki Franco akiwa bado mtoto, na masomo yakakatika. Mama yake, Makiese, akabaki na kazi inayofahamika katika kila soko la ukanda huu: kukaanga maandazi na kuyauza ili watoto wale.

Mtoto alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya. Akawa anakaa karibu na meza ya mama yake sokoni, Ngiri-Ngiri, akipiga. Watu wakisimama kumsikiliza, mama anauza. Kabla ya kuwa msanii, Franco alikuwa mpiga debe wa biashara ya familia. Shule hiyo haina cheti, lakini masharti yake ni magumu. Mpita njia hana deni na wewe. Ukirudia kilekile bila kukigeuza, anaondoka, na maandazi yanabaki kwenye sinia.

Gitaa halisi alifundishwa na jirani aliyemzidi umri, Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, Franco aliingia studio ya Loningisa na kusaini mkataba. Studio hiyo ilikuwa mali ya Wagiriki wa familia ya Papadimitriou, wafanyabiashara waliokuwa wameona kwamba wimbo nao ni bidhaa. Henri Bowane, mpiga gitaa mzoefu aliyesimamia wanamuziki wa studio hiyo, ndiye aliyemfupishia kijana jina na kumwita Franco.

Santuri za Léopoldville hazikuwa ngeni Bujumbura, mji ulioitwa Usumbura wakati huo. Ubelgiji ilitawala Ruanda-Urundi na Kongo kwa pamoja, na faranga iliyotumika Léopoldville ndiyo iliyotumika Usumbura. Santuri ya Loningisa ilivuka bila mtu kuhitaji kubadilisha fedha. Sikio la Bujumbura lilizoea rumba ya Kongo kabla ya nchi zote mbili kupata bendera zake.

Bendi ya ng'ambo mbili

Tarehe 6 Juni 1956, Franco akiwa hajatimiza miaka 18, yeye na wenzake walianzisha bendi. Walikuwa wakipiga katika baa ya Oscar Kashama iliyoitwa OK Bar, na bendi ikachukua jina hilo: OK Jazz. Neno Jazz halikuwa na maana ya muziki wa New York peke yake. Katika Kongo na Afrika Mashariki lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, ngoma na vyombo vya kupuliza. Ndiyo sababu Tanzania nayo ilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na NUTA Jazz.

Mpuliza saksafoni na klarineti wa mwanzo wa OK Jazz alikuwa Jean Serge Essous. Alitoka Brazzaville, ng'ambo ya pili ya mto Kongo. Daniel Loubelo, aliyeitwa De la Lune, naye alitoka huko. Léopoldville ilikuwa chini ya Ubelgiji, Brazzaville chini ya Ufaransa, na kati yao palikuwa na kivuko. Wanamuziki walivuka kama wachuuzi wanavyovuka leo kati ya Bujumbura na Uvira: asubuhi huku, jioni kule, kufuata palipo na kazi.

Utaratibu huo uliipa bendi changa kitu ambacho mji mmoja pekee usingekitoa. Franco alikuwa na vidole vikali na sikio la sokoni. Essous alikuwa na pumzi na elimu ya vyombo vya kupuliza. Mmoja alipiga kifungu kifupi cha gitaa na kukirudia hadi miguu ya wachezaji ikikubali. Mwingine alikichukua kifungu hicho na kukinyoosha, akakipeleka pasipotarajiwa.

Mpaka unapofungwa

Essous hakudumu OK Jazz. Mwaka 1957 alikuwa tayari katika kundi la Rock-a-Mambo, lililorekodi kwa studio nyingine ya Wagiriki, Esengo. Kisha siasa ikaongeza mwendo. Uhuru ulipokaribia, swali la nani ni wa wapi likaanza kuulizwa hata ndani ya bendi. Mwezi Agosti 1959 Essous na wanamuziki wengine wenye asili ya Brazzaville, baadhi yao wakitoka OK Jazz, walirudi ng'ambo na kuunda Les Bantous de la Capitale. Bendi hiyo ikawa fahari ya Brazzaville. Franco akabaki na mapengo ya kuziba.

Kongo ya Léopoldville ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na ya Brazzaville tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Miaka minne baadaye, katikati ya vita vya waasi wa Simba, serikali ya Moïse Tshombe iliamuru raia wa Kongo-Brazzaville, Burundi na Mali waondoke nchini. Watu waliokuwa na maduka, vibanda na wateja wa miaka mingi walijikuta wakifunga virago. Wanamuziki wa Brazzaville waliokuwa wamerudi Léopoldville kutafuta riziki waliondoka katika msafara huohuo. Amri ile haikutofautisha mwenye saksafoni na mwenye gunia la dagaa.

Kwa kiongozi wa bendi, hasara ya namna hiyo haihesabiki kwa fedha peke yake. Mpuliza saksafoni aliyezoea kupiga na wewe anajua utasimama wapi kabla hujasimama. Ukimpoteza, unaweza kupata mwingine mwenye ujuzi uleule, lakini mazoea hayo lazima yajengwe upya, usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Saksafoni kutoka pande tatu

Franco alijenga upya kwa kutazama mbali zaidi. Isaac Musekiwa alikuwa ametokea Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, akapita Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na kufika Léopoldville. Alipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele kabla ya kuhamia kwa Franco, na akawa nguzo ya OK Jazz kwa miaka mingi. Mwaka 1963 aliingia kijana mzaliwa wa nchi, Georges Kiamuangana Mateta, maarufu kama Verckys, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 20. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 alikuwamo pia Dele Pedro kutoka Nigeria.

Hivyo OK Jazz, bendi iliyohesabiwa kuwa ya Kikongo kuliko zote, ilikuwa na saksafoni zilizotoka kusini ya Zambezi, Afrika Magharibi na Kongo yenyewe. Kila mmoja alikuja na mtindo wake wa kuanza sauti, kuivuta na kuiacha. Verckys hasa alipenda kupuliza kwa nguvu, sauti ikiwa na mkwaruzo, akijibizana na gitaa kana kwamba wanagombea neno la mwisho.

Hapo ndipo Franco alipoonyesha sifa isiyosemwa sana. Alikuwa mwenye bendi, na vidole vyake ndivyo vilivyowaleta watu ukumbini. Angeweza kuijaza kila nafasi. Katika rekodi za katikati ya miaka ya 1960 anasikika akifanya kinyume chake: anapunguza, anabaki na kifungu chake kidogo kinachozunguka, na kumwacha mpulizaji aende mbele.

Namna ya kuisikiliza

Anayetaka kufaidi muziki huu aanze kwa kujua kwamba sehemu kubwa yake haikuandikwa popote. Wimbo una beti na kiitikio, na hivyo vinafanyiwa mazoezi. Kisha inakuja sebene. Katika sebene njia inajulikana, lakini hatua zinabuniwa papo hapo. Usiku wa dansi hakuna aliyejua sebene itachukua dakika ngapi. Wachezaji wakiwa wamechangamka, bendi inaendelea. Wakianza kurudi kwenye viti, inafunga.

Santuri za mwanzo haziwezi kuonyesha jambo hilo lote. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Saksafoni iliyokuwa na nafasi ya kutosha ukumbini ilipewa sekunde chache studio. Anayesikiliza rekodi hizo leo anaonja kijiko kimoja cha chungu kizima. Hata hivyo kijiko kinatosha kujua ladha, kama msikilizaji anajua pa kuweka sikio.

Kwanza, asikilize kisichobadilika: besi, tumba na gitaa la kati. Hao ndio wanaotandika mkeka. Pili, asikilize kifungu cha kwanza cha saksafoni. Mpulizaji mzuri huanza na kidogo, noti tatu au nne tu. Tatu, afuatilie anachokifanya nacho anapokirudia. Pengine anaongeza noti moja mwishoni, pengine anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, pengine anapandisha juu kilichokuwa chini. Nne, asikilize pumzi. Mpiga gitaa anaweza kuendelea bila kusimama, lakini mwenye saksafoni ni lazima avute hewa. Pale anapovuta hewa, gitaa linajibu, au saksafoni za pili na ya tatu zinaingia pamoja kwa mkato mfupi kumshikia nafasi mpaka arudi.

Mfanyabiashara hahitaji kwenda mbali kuelewa mpango huu. Muuzaji na mnunuzi wa kitenge wanapopatana, wote wawili wanajua bei haitashuka chini ya kiasi fulani wala kuzidi kiasi fulani. Hiyo ni njia. Lakini nani aanze, nani anyamaze ili mwenzake aongeze, nani ajifanye anaondoka, hayo yanabuniwa hapohapo, na anayeshindwa kumsikiliza mwenzake ndiye anayeumia. Sebene ya OK Jazz inakwenda hivyohivyo, ila mwisho wake pande zote zinapata faida.

Wakati bendi za Léopoldville zikiijenga sanaa hii, wenzao wa Marekani walikuwa wakijaribu jambo la jirani kwa njia tofauti. Mwezi Novemba 1957, katika ukumbi wa Village Vanguard jijini New York, mpuliza saksafoni Sonny Rollins alirekodiwa mbele ya watazamaji akiwa na besi na drams tu. Hakukuwa na piano wala gitaa la kumwekea njia. Watu watatu walibeba jukwaa zima, na kosa la mmoja lilisikika mara moja. Rollins aliondoa mkeka ili awe huru. Franco aliutandika mnene, kisha akampa mpulizaji uhuru juu yake. Kote kuwili msikilizaji anapata kitu kilekile: kumsikia mtu akifanya uamuzi hadharani, bila nafasi ya kuufuta.

Walioondoka na waliobaki

Kuwapa watu nafasi kuna gharama, kwa sababu anayepewa nafasi hugundua uwezo wake. Mwaka 1969 Verckys aliondoka na kuunda bendi yake, Orchestre Vévé, na baadaye akawa miongoni mwa wenye studio na lebo kubwa za Kinshasa. Mwezi Agosti mwaka uliofuata, mdogo wake Franco, Bavon Marie-Marie, mpiga gitaa aliyekuwa na jina lake mwenyewe, alikufa katika ajali ya gari. Franco aliweka gitaa chini kwa muda.

Aliporudi alikuja na bendi kubwa zaidi. Simaro Lutumba, aliyekuwamo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawa mtunzi na msaidizi wake mkuu. Sam Mangwana, mzaliwa wa Kinshasa kwa wazazi kutoka Angola, akaongeza sauti mpya mwaka 1972. Saksafoni na tarumbeta zikawa safu kamili, na bendi ikajiita TPOK Jazz, herufi mbili za mbele zikimaanisha yenye nguvu zote. Mwaka 1974 Franco alifungua ukumbi wake mwenyewe, Un-Deux-Trois. Mwezi Septemba mwaka huo bendi yake ilipanda jukwaa moja na James Brown katika tamasha la Kinshasa lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman.

Maisha yake hayakuwa ya sifa tupu. Alimwimbia Mobutu Sese Seko na kuupigia kampeni utawala wake, hata mwaka 1984, wakati wananchi wengi walikuwa wameshaonja ukali wa utawala huo. Utawala huohuo ulimfunga jela mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizohukumiwa kuwa za matusi, kisha mwaka 1980 ukampa heshima ya Grand Maître. Mwaka 1985 alitoa Mario, hadithi ya kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, wimbo uliouzika mbali nje ya Zaire. Kufikia wakati huo santuri ndefu zilikuwa zimeondoa kizuizi cha dakika tatu, na sebene iliweza kupumua studio karibu kama ilivyopumua ukumbini. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI, mapema kuliko viongozi wengi wa bara hili.

Afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 hospitalini katika eneo la Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Mwili ulirudishwa Kinshasa, na Zaire ikaomboleza kwa siku nne.

Mto mwingine

Namur iko kando ya mto Meuse. Ukiufuata mto huo kuelekea kusini, mwendo mfupi tu, unafika Dinant, mji alikozaliwa Adolphe Sax mwaka 1814. Huyo ndiye aliyebuni chombo chenye mwili wa shaba na ulimi wa tete, akakisajili mwaka 1846 na kukipa jina lake. Chombo hicho kilisafiri na Wabelgiji na wengine hadi ukingo wa mto Kongo. Essous akakishika, Musekiwa akakishika, Verckys akakishika, na kila mmoja akakisemesha lugha ambayo Sax hakuisikia maishani mwake.

Wote watatu sasa ni marehemu kama mwenye bendi. Verckys alifuata wa mwisho, Oktoba 2022, mwaka uleule ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, miaka 15 baada ya Burundi.

Carama, santuri imeshageuka kuwa faili ndani ya simu, na spika ni ndogo. Waimbaji wanamaliza kiitikio. Gitaa la Franco linaingia na kifungu chake kifupi, linakirudia, linakirudia tena, kisha linashuka sauti. Anayejua anainua kidole kuwanyamazisha waliokaa naye mezani, kwa sababu sasa zamu ni ya mtu aliyetoka mbali.